Fuvu la Olduvai na Kitabu cha Wageni

Fedha za Vyuo Vikuu: Sehemu ya Pili

Kusini mwa Ziwa Natron, chini ya Mlima Ol Doinyo Lengai, majivu ya volkano yaliyoganda yamehifadhi nyayo zaidi ya 400 za binadamu wa kale. Wenyeji wa kijiji cha Engaresero ndio waliozijua kwanza; wanasayansi walifika baadaye. Mwaka 2020 timu iliyoongozwa na Kevin Hatala wa Chuo Kikuu cha Chatham, Marekani, ilitangaza matokeo yake: watu 17 walipita hapo wakitembea pamoja, yamkini 14 kati yao wakiwa wanawake, wakati fulani kati ya miaka 19,100 na 5,760 iliyopita. Kabla yao Cynthia Liutkus-Pierce, mjiolojia wa Chuo Kikuu cha Appalachian State, alikuwa ametumia miaka kadhaa kusoma majivu hayo na kutafuta umri wake. Taasisi ya Smithsonian nayo ilishiriki.

Kazi ya namna hiyo hula fedha. Kuna tiketi za ndege, magari ya kuhimili barabara ya Natron, kambi, posho za wasaidizi, vipimo vya maabara. Sehemu ya gharama ililipwa na National Geographic Society ya Washington, na jina hilo si geni wilayani Ngorongoro. Shirika hilo limekuwa likifadhili utafiti huko tangu mwaka 1960. Anayetaka kuelewa jinsi vyuo vikuu vya nje vinavyopata wafadhili, na kwa nini vya kwetu huwakosa, hana haja ya kuanzia Harvard. Aanzie Olduvai.

Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliona vipande vya fuvu vikichomoza kwenye mteremko wa bonde la Olduvai, ambalo Wamaasai huliita Oldupai. Wakati huo yeye na mumewe Louis walitegemea kwa kiasi kikubwa fedha za mtu mmoja, Charles Boise, mhandisi wa migodi na mfanyabiashara aliyekuwa akiishi London. Boise alianza kuwasaidia mwishoni mwa miaka ya 1940, walipokuwa wakitafuta mabaki ya nyani wa kale huko Kenya, na hakuwaacha walipohamishia nguvu zao Olduvai. Louis Leakey alipolipa fuvu lile jina la kisayansi, aliliita Zinjanthropus boisei. Neno la kwanza lilitokana na Zinj, jina la kale la pwani ya Afrika Mashariki. La pili lilikuwa jina la mfadhili.

Wanasayansi walilibadili jina hilo baadaye, na leo wengi humwita kiumbe huyo Paranthropus boisei. Zinj imeondolewa, Boise amebaki. Kila mwanafunzi wa sekondari anayesoma historia ya Tanzania hukutana na Zinjanthropus darasani, na fuvu lenyewe limehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Ni wachache wanaoambiwa kwamba jina la aliyelipia uchimbaji limepachikwa humo humo.

Leakey hakuishia kwenye shukrani. Novemba 1959 alisafiri na habari za fuvu lile hadi Chicago, katika maadhimisho ya miaka 100 ya kitabu cha Charles Darwin, na katika safari hiyo hiyo akaonana na wakuu wa National Geographic. Mwaka uliofuata walimpa ruzuku ya zaidi ya dola 20,000, kiasi ambacho Olduvai haikuwahi kukiona. Kwa fedha hizo Mary alichimba kwa kiwango kipya kabisa, na mwaka huo huo wa 1960 yakapatikana mabaki ya kiumbe aliyekuja kupewa jina la Homo habilis.

Kuna mfano wa pili, mdogo kwa fedha lakini mkubwa kwa mafunzo. Leakey alipotaka kumpeleka kijana Jane Goodall Gombe kuchunguza sokwe, binti huyo hakuwa na shahada yoyote, na wafadhili wa kawaida wa vyuo vikuu wasingemsikiliza. Leakey alimwendea Leighton Wilkie, mwenye kiwanda cha mashine na zana za kukatia vyuma katika jimbo la Illinois. Wilkie na ndugu zake walikuwa na mfuko wao wa misaada, na Leighton alivutiwa sana na historia ya zana za binadamu. Mfuko huo ulitoa dola 3,000. Goodall alifika Gombe Julai 1960, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amewaona sokwe wakivua mchwa kwa vijiti walivyovitengeneza wenyewe. Mtengeneza zana alikuwa amelipia ugunduzi wa zana. Leakey alijua wa kumwomba, na alijua kwa nini mtu huyo angejali.

Ujuzi huo, ambao Leakey alikuwa nao kichwani, vyuo vikuu vya Marekani vimeugeuza kuwa kazi ya ofisi yenye watu wake, mafaili yake na taratibu zake. Huitwa utafiti wa wafadhili watarajiwa. Mtafiti wa ofisi hiyo haombi fedha. Anachofanya ni kujibu maswali matatu juu ya mtu kabla hajafuatwa. Je, ana uwezo wa kutoa kiasi kinachofikiriwa? Je, ana uhusiano wowote na chuo, au na jambo ambalo chuo kinalifanya? Na je, ni mtu mwenye desturi ya kutoa? Swali la kwanza ndilo linalowavutia wengi, na ndilo linalopotosha wengi pia. Tajiri asiye na uhusiano na chuo ni tajiri tu. Mwalimu mstaafu anayechangia shilingi 50,000 kila mwaka bila kukumbushwa ameshajibu maswali mawili kati ya matatu.

Mfano mmoja mkubwa ni wa Michael Bloomberg. Alihitimu Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1964, na mwaka uliofuata akakitumia chuo chake dola 5. Ofisi ingeweza kuiona zawadi hiyo kuwa haina uzito. Johns Hopkins hawakumsahau. Mwaka 2018 mtu huyo huyo alitoa dola bilioni 1.8 kwa ajili ya wanafunzi wasio na uwezo wa kulipa ada.

Baada ya utafiti huja usimamizi, na hapa ndipo penye kazi ngumu. Wamarekani wawili, G. T. Smith wa Chuo cha Wooster na David Dunlop wa Cornell, walijenga utaratibu ambao hadi leo unafuatwa: kila mfadhili mtarajiwa awe na afisa mmoja anayemhusu, kila hatua ya kumkaribia ipangwe mapema, na kila mazungumzo yaandikwe siku hiyo hiyo. Alialikwa kwenye mahafali? Alimuuliza mkuu wa idara jambo gani? Mtoto wake anasoma nini? Nani alimpigia simu mara ya mwisho, na aliahidiwa nini? Kutoka salamu ya kwanza hadi ombi la zawadi kubwa huweza kupita mwaka mmoja au miwili, wakati mwingine zaidi. Afisa akihama kazi, faili hubaki, na anayemrithi haanzi upya kwa kuuliza jina. Kwa njia hizo vyuo vya Marekani vilipokea michango ya dola bilioni 58 katika mwaka wa fedha 2023.

Tanzania nayo ina chuo kilichozaliwa kwa mchango wa mtalii. Katika miaka ya 1950 jaji wa mahakama ya kodi ya Marekani, Russell Train, alikuja Afrika Mashariki kuwinda na kutalii. Alirudi kwao akiwa amebadilika. Mwaka 1961 yeye na wenzake walianzisha shirika la kusaidia viongozi wa uhifadhi barani Afrika, na miongoni mwa mambo ya kwanza liliyoyachangia ni kuanzishwa kwa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka, kilichofunguliwa mwaka 1963 kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Askari na wahifadhi waliosoma Mweka wametumika Serengeti, Ngorongoro na mbuga nyingine nyingi za bara hili. Mgeni yule alikuwa amepata jambo la kufanya.

Wageni wa namna hiyo hupita Karatu kila siku. Asubuhi magari ya watalii hujipanga kwenye barabara ya lami kuelekea geti la Ngorongoro. Jioni hurudi yakiwa yamejaa vumbi. Ndani yake huwamo madaktari, wanasheria, wahandisi, wajane wenye mali, wenye viwanda. Baadhi yao hubaki wakiwa na uhusiano wa kudumu na mahali hapa. Hospitali ya FAME iliyoko Karatu ilianzishwa na daktari wa California, Frank Artress, na mkewe Susan Gustafson. Daktari huyo alinusurika kufa kwa ugonjwa wa mwinuko alipokuwa akipanda Kilimanjaro mwaka 2002, kisha akaamua kuhamia Tanzania, na zahanati waliyoianzisha ilifunguliwa mwaka 2008. Leo Chuo Kikuu cha Pennsylvania hupeleka huko madaktari wake wa mishipa ya fahamu. Rhotia, jirani tu, kuna kituo ambako wanafunzi wa vyuo vya Marekani huja kusoma ikolojia ya wanyamapori. Wengi wao wana umri wa miaka 20 hivi. Watakapofika miaka 55 baadhi yao watakuwa na fedha na watakuwa bado wanaikumbuka Rhotia, ilhali hakuna chuo kikuu cha Tanzania kitakachokuwa na majina yao.

Lakini majina yenyewe huandikwa. Ingia ofisi yoyote ya serikali ya kijiji, shule, makumbusho au idara ya chuo nchini, jambo la kwanza utakalosukumiwa ni kitabu cha wageni: daftari la jalada gumu, kalamu imefungwa kwa uzi, safu zimechorwa kwa rula. Tarehe. Jina. Anakotoka. Shughuli. Saini. Mabalozi wameandika humo, maprofesa, wakurugenzi wa mashirika, wahitimu wa zamani waliopita kusalimia. Daftari likijaa hufungwa na kutupwa kabatini, na jingine hununuliwa. Taasisi nyingi zina rekodi ya miaka 20 au 30 ya watu waliofunga safari kuja kuziona, na hazijawahi kuisoma.

Hali hiyo inauma zaidi ikikumbukwa kwamba Waafrika Mashariki si wageni katika kuchangia elimu ya juu. Baada ya Mahatma Gandhi kuuawa mwaka 1948, Wahindi wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar walichanga fedha ili wajenge chuo cha kumkumbuka. Wakati huo huo serikali ya kikoloni ilikuwa ikipanga chuo cha ufundi Nairobi. Badala ya kugombania wachangiaji wale wale, pande mbili zilikubaliana kuunganisha nguvu, na wanafunzi wa kwanza walipokelewa mwaka 1956. Chuo hicho ndicho leo Chuo Kikuu cha Nairobi, na sanamu ya Gandhi ingali pale. Katika miaka ya karibuni Manu Chandaria, mwenye viwanda wa Nairobi, amechangia vyuo kadhaa. Chuo Kikuu cha Kenyatta kina kituo cha kulea biashara changa chenye jina la ukoo wake. Tanzania, Benki Kuu ilianzisha mwaka 2009 mfuko wa ufadhili wa masomo wenye jina la Mwalimu Nyerere kwa wanafunzi wa hisabati na sayansi.

Kilichozoeleka zaidi, hata hivyo, ni harambee. Mgeni rasmi hualikwa, ukumbi hupambwa, bahasha hufunguliwa, ahadi husomwa kwenye kipaza sauti, watu hupiga makofi. Harambee imejenga shule nyingi na haistahili kudharauliwa. Tatizo lake ni siku inayofuata. Ahadi zilizotangazwa hazifuatiliwi kwa adabu, aliyetoa haambiwi fedha zake zilifanya nini, na mwaka unaofuata hutumiwa kadi nyingine ya mchango kana kwamba hajawahi kutoa. Watu huchoka kuombwa na taasisi ambayo haiwakumbuki.

Vyuo vyetu pia vimejenga mazoea ya kutegemea andiko. Tangazo la ruzuku linatoka, wahadhiri wanakesha, andiko linatumwa, jibu linasubiriwa. Kwa mashirika makubwa na serikali za nje njia hiyo ina nafasi yake. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyofunguliwa Novemba 2018 kwa msaada wa China wa takribani dola milioni 40, ni zao la mazungumzo ya serikali kwa serikali. Mtu binafsi hapatikani kwa andiko. Hupatikana kwa kujulikana, na kumjua kunaanzia kwenye taarifa ambazo nyingi ziko wazi. Sheria ya Marekani inaulazimisha kila mfuko binafsi wa hisani kuwasilisha kila mwaka fomu inayotaja ruzuku zote ulizotoa na waliopewa, na fomu hiyo husomwa na yeyote mwenye intaneti, bure. Uingereza, hesabu za mashirika ya hisani hupatikana kwa msajili wake. Afisa aliyeketi Arusha, tuseme katika Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia, anaweza kujua kwa siku chache ni mifuko ipi tayari inapeleka fedha kaskazini mwa Tanzania, kwa shughuli gani na kwa viwango gani. Hiyo ni kazi ya subira zaidi kuliko ya gharama.

Kumjua mfadhili kuna upande wa pili, nao ni kujilinda. Machi 2011 Howard Davies, mkuu wa London School of Economics, alijiuzulu kwa sababu chuo chake kilikubali ahadi ya pauni milioni 1.5 kutoka mfuko wa Saif al-Islam, mtoto wa Muammar Gaddafi. Chuo cha MIT kilipokea michango 10 ya Jeffrey Epstein, tajiri aliyetiwa hatiani kwa makosa ya ngono, kati ya mwaka 2002 na 2017, jumla dola 850,000. Ilipofahamika mwaka 2019, mkurugenzi wa maabara maarufu ya chuo hicho aliacha kazi. Vyuo hivyo vina wataalamu na mawakili, na bado viliteleza. Chuo cha Afrika Mashariki kinachopokea jengo kutoka kwa tajiri ambaye chanzo cha mali yake hakijaulizwa kina hatari kubwa zaidi, kwa kuwa jina likishapakwa ukutani ni vigumu kulifuta. Uchunguzi huo unapaswa kufanyika kabla ya barua ya kwanza, na mwenye neno la mwisho awe baraza la chuo. Afisa anayepimwa kwa fedha anazoleta hafai kuachiwa uamuzi huo.

Mtoaji naye ana haki zake. Desemba 2016 mamlaka ya taarifa ya Uingereza ililitoza shirika la kutetea wanyama la RSPCA faini ya pauni 25,000 na taasisi ya moyo, British Heart Foundation, pauni 18,000, kwa kuchunguza utajiri wa wachangiaji wao bila kuwaambia. Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya na Uganda zilitunga za kwao mwaka 2019. Msingi wake unaeleweka: taarifa iliyochukuliwa kwa shughuli moja haitumiwi kwa nyingine bila mwenyewe kuridhia. Mgeni aliyesaini daftari la Engaresero ili aone nyayo hakuomba kutumiwa barua za michango. Vivyo hivyo chuo hakiwezi kwenda Bodi ya Mikopo kuchukua orodha ya wadaiwa na kuigeuza orodha ya wafadhili, ingawa Bodi inajua wahitimu walipo kuliko vyuo vyao vinavyojua. Njia halali ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Ongeza safu moja kwenye kitabu cha wageni: je, ungependa kupata habari zetu? Anayejibu ndiyo, na kuacha anwani yake, amefungua mlango mwenyewe.

Kuanza hakuhitaji programu ya kompyuta ya mamilioni. Kunahitaji mtu mmoja mwenye hati ya ajira na muda, jedwali moja linalotunzwa kwa siri, na agizo la Makamu Mkuu wa Chuo kwamba hakuna idara itakayomwendea mfadhili bila kuuliza kwanza kama kuna mwingine anayezungumza naye. Mabaraza ya masajili, yaani ya wahitimu, yanayokutana siku moja kabla ya mahafali na kutawanyika, yapewe kazi ya kuhakiki anwani za wahitimu mwaka mzima. Na kila aliyetoa, hata elfu kumi, aandikiwe barua yenye jina lake na matumizi ya fedha yake. Bloomberg alianza na dola 5.

Engaresero inastahili neno la peke yake. Kijiji hicho kimetoa ardhi, kimetoa waongozaji, kimeilinda sehemu yenye nyayo; kwa kipimo chochote cha haki nacho ni mfadhili wa sayansi hiyo. Chuo kikuu chochote, cha nje au cha ndani, kinachokwenda kwa watoaji wake kuwaonyesha picha za Natron kina wajibu wa kuwapelekea wanakijiji taarifa ile ile, kwa Kiswahili na Kimaasai, na kuwaeleza ni nani analipia na kiasi gani. Viongozi wa vyuo vyetu waanze hapo: watume watafiti wao Engaresero, wapeleke taarifa kwenye mkutano wa kijiji, na wakiwa huko wasaini kitabu cha wageni kwa anwani kamili.

Sehemu ya tatu itahusu wakfu, na jinsi fedha za mfadhili zinavyoweza kusomesha wanafunzi bila mtaji wenyewe kuguswa.